Mbuzi Aliyeangalia Kibo

Ukimkuta Thadeus amechuchumaa sokoni Kwa Sadala, pale wanapofungwa mbuzi, usidhani amepotelewa na kitu. Anaangalia mbuzi. Hanunui, haulizi bei, wala hawapapasi mgongo kama wafanyavyo wanunuzi. Anaangalia tu, kichwa kakiinamisha upande, na mbuzi akigeuza shingo, na yeye anageuza ya kwake. Zamani wauzaji walimfukuza wakidhani ni mwizi anayechagua mapema. Siku hizi wamemzoea, wanamwita Mchumba.

"Mchumba, leo umempenda yupi?"

"Yule mweusi. Ana dharau."

"Na dharau inaliwa?"

"Inaliwa, ukiichoma polepole."

Thadeus ni jirani yangu huku Kilema. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, vinapakana, migomba yake inaangusha majani kwangu na yangu kwake, na tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja. Kazi yangu kwake ni kutunza moto. Yeye anachoma, mimi nasogeza makaa. Moto hauna maswali, ndiyo maana niliipenda kazi hii, na ndiyo maana nilikuwepo mambo haya yote yalipotokea.

Kwa asiyetoka kwetu niseme kwanza ndafu ni nini. Ni mbuzi mzima aliyechomwa, anayesimamishwa juu ya sinia kubwa kwenye harusi au sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na majani mabichi mdomoni. Wengine wana keki, sisi tuna ndafu, na wenye uwezo wana vyote viwili ili pasiwe na lawama. Ndafu anaingia akichezeshwa na wabebaji, anawekwa mbele ya wakwe, bibi harusi anakata kipande anawalisha, watu wanapiga vigelegele, halafu visu vinashuka. Wimbo mmoja na nusu, imebaki mifupa.

Thadeus hakuanza na ndafu. Alianza na mlima, akibeba mizigo ya wageni hadi goti lilipokataa. Baadaye akawa anachoma mishkaki na ndizi kwenye baa moja ya Marangu. Miaka ile alikuwa mtu wa kupita tu. Ukimuuliza habari anajibu, "Siku zinasogea," na kweli zilikuwa zinasogea, ila hazikuwa zikienda mahali.

Kisha akachukuliwa na Stella. Huyu dada ana biashara ya kupikia shughuli pale Moshi mjini, ana masufuria ya kulisha jeshi na sauti ya kuliamrisha jeshi hilo. Alimweka Thadeus kwenye mishkaki na kuku. Jumamosi moja mchoma ndafu wake akashikwa na malaria, wakwe wako njiani, mbuzi ameshachinjwa.

"Thadeus, choma wewe," Stella akasema.

"Sijawahi, dada."

"Mbuzi ni mshikaki mkubwa. Choma."

Akachoma. Nyama iliiva vizuri, watu walikula wakalamba vidole, hakuna aliyelalamika. Lakini yule mbuzi alivyosimama, jamani. Miguu ya mbele ilikuwa imelegea, kichwa kimening'inia. Alikaa kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Thadeus alisubiri hadi tukakaribia njia ya kwetu.

"Ulimwona?" akaniuliza.

"Nilimwona."

"Alionekana kama hajawahi kuishi."

"Thadeus, amekufa."

"Ndiyo. Lakini si lazima ionekane."

Basi, hapo ndipo alipoanza kupotea, au kupatikana, sijui nisemeje. Akawa anakwenda Kwa Sadala kuangalia mbuzi. Akawa anasimama kwenye banda la mbuzi wa jirani yeyote mpaka mwenye banda anakuja kuuliza kama kuna tatizo. Siku moja mkewe, Flavia, alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akamkuta mumewe jikoni ametambaa kwa mikono na magoti, mdomoni ana jani la mgomba, anainua kichwa, anakishusha, anakiinua tena. Alikuwa anataka kujua uzito wa shingo unaishia wapi. Flavia aliutua mzigo taratibu.

"Baba Davis," akasema, "kama ni dawa umepewa na mganga, niambie mapema, nijue la kumwambia padri."

Alipoondoa jani mdomoni akaanza kumweleza. Mbuzi, alisema, kabla hajala hunyanyua kichwa kidogo na kuangalia mbali, kama mtu anayekumbuka kitu. Ni kitambo kifupi sana. Ukikikamata hicho, umemkamata mbuzi mwenyewe. Flavia alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa, lakini ng'ombe hajala." Na kesho yake alimkatia vijiti vya mkahawa bila kuombwa, maana alikuwa amemsikia akilalamika kwamba vijiti vya mti mwingine vinalainika motoni.

Siri yake ni hiyo ya vijiti, na si siri kwa kuwa anamwambia kila mtu. Nyama ikiwa bado na joto la uhai, anapitisha kijiti cha mkahawa ndani ya shingo, anaiweka anavyotaka, kisha anafunga magoti na viungo kwa kamba za mgomba zilizoloweshwa maji. Halafu moto mdogo, mdogo kabisa, na hapo ndipo ninapoingia mimi. Mbuzi anakaukia katika umbo lake. Kamba zikikatwa, anabaki amesimama kama aliyeitwa jina.

Macho yalimsumbua zaidi. Mwanzoni aliweka matunda ya kahawa yaliyoiva, mekundu. Ilikuwa sherehe ya kipaimara kule Marangu. Watoto walilia, na bibi mmoja aliyekaa mbele alifanya ishara ya msalaba, akahamia viti vya nyuma. Baada ya hapo akapata jibu: tunda la kahawa lililokaukia na ganda lake. Jeusi, la mviringo, ukilipaka mafuta linang'aa. Siku alipogundua hilo alikuja kwangu mbio na goti lake bovu, amelishika tunda moja kwa vidole viwili mbele ya pua yangu.

"Linakuona au halikuoni?"

"Linaniona."

"Linakuonaje?"

"Kama linanidai."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye migomba. Na mimi nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anaimba akikamua ng'ombe, anasalimia watu ambao zamani alikuwa akiwakwepa. Ukimuuliza habari hasemi tena siku zinasogea. Anasema, "Jumamosi nina mbuzi."

Siku moja nilimuuliza. Nilisema, Thadeus, kitu chenyewe kinaliwa. Unahangaika siku nzima, watu wanakimaliza kabla jasho lako halijakauka.

"Ndiyo utamu wake," akasema. "Nikikosea, wanakula kosa, limekwisha. Nikipatia, kile kitambo kabla ya kisu kuna kitu hapa duniani ambacho jana hakikuwepo, na nimekiweka mimi. Mizigo ya wageni niliibeba miaka yote ile, nikaipandisha, nikaishusha. Yote ilirudi chini. Hakuna nilichokiacha."

"Na mbuzi je, unamwacha wapi?"

Akafikiri. "Tumboni," akasema, tukacheka tena.

Tatizo ni kwamba alianza kupatia mno. Kwenye harusi moja mjini, bibi harusi alichukua kisu, akamtazama ndafu, akakirudisha kisu mezani. "Siwezi," akasema. "Naona anataka kuniuliza jina." Ikabidi kichwa kifunikwe kwa kitambaa cha meza ndipo akate. Harusi nyingine, mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba ndafu anafanana na mwenyekiti wa kamati. Ukumbi mzima ukageuka kumwangalia mwenyekiti, ukageuka kumwangalia mbuzi, na kwa bahati mbaya mwenyekiti naye wakati huo alikuwa ameinua kidevu akiangalia mbali. Malalamiko yalimfikia Stella kabla masufuria hayajaoshwa.

Stella alituita. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amechoka.

"Thadeus, watu wanalipia nyama. Hawalipii uso."

"Uso ni nyama pia, dada."

"Usinijibu. Sendofu ya Pamela, binti wa mzee Filemon wa Kilema, ni yako. Ni kwenu, sitaki kukuaibisha kwenu. Lakini nikisikia lalamiko moja, moja tu, ndafu atachoma mwingine na wewe utarudi kwenye mishkaki. Umenielewa? Nataka mbuzi wa kawaida. Mbuzi asiye na mambo."

"Nimeelewa."

Njiani nikajaribu kumfariji, nikasema mishkaki nayo ni kazi. Akanitazama kama nimemwambia ahamie mwezini. "Mshikaki," akasema, "unaangalia wapi?"

Hilo la kuangalia ndilo lililotuponza. Thadeus ana msimamo wake: mbuzi lazima awe anaangalia kitu. Na kitu chenyewe ni Kibo, kilele kikubwa cha mlima wetu. Popote shughuli ilipo, lazima aulize kwanza mlima uko upande gani, ndipo aamue shingo igeuke vipi. Basi siku ya sendofu, asubuhi, alipita uwanjani kwa mzee Filemon kuona viti. Wakwe walikuwa wamewekewa turubai la upande wa juu, wakiupa mlima mgongo. Vizuri sana. Ndafu atasimama mbele yao, ataangalia juu ya vichwa vyao, kuelekea Kibo, na wao watamwona uso kamili. Akamchoma hivyo. Akaniambia, "Leo ni mbuzi wa kawaida kabisa," huku akiizungusha ile shingo kwa upole ambao sijawahi kuona mtu akimfanyia hata mtoto mchanga.

Kitu ambacho hatukujua, kwa sababu tulikuwa nyuma ya nyumba na moshi wetu, ni kwamba turubai la juu lilikuwa limevuja usiku na chini yake pamekuwa matope. Kamati ikawahamishia wakwe turubai la chini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mchoma mbuzi. Nani anamwambia mchoma mbuzi habari za viti?

Muda ulipofika, wabebaji walikuja kumchukua. Thadeus akawaambia, "Mkimweka, uso mlimani. Msiniulize kwa nini." Wale vijana walikuwa watiifu. Wakamwinua, ngoma ikaanza, mshereheshaji, kijana Tito, akapaza sauti kwenye spika: "Wakwe zetu, wakwe zetu kutoka Machame, keki ya asili hiyo inakuja, simu juu, simu juu." Vigelegele vikapanda. Thadeus, kama kawaida yake, aligeuka akaanza kuosha mikono. Hakuwahi hata mara moja kuangalia ndafu wake akitazamwa. Alikuwa akiogopa. Mimi pia sipendi mbele za watu, kwa hiyo tulizoea kubaki nyuma wawili, tukisikiliza kelele kama watu wanaosikiliza mpira kwenye redio.

Safari hii kelele zilikatika ghafla.

Thadeus aliacha maji yakimwagika. Tukaenda kuchungulia pembeni ya jiko. Wakwe walikuwa wamekaa safu kwa safu upande wa chini, wamevaa vizuri, mikono mapajani. Na mbele yao kabisa, juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua, kulikuwa na mkia.

Aliyekaa katikati alikuwa mzee Aminieli, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa kanisa la Kilutheri kule Machame, na ndiye msemaji wa ujumbe wao. Aliutazama ule mkia kwa muda. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Ndugu mshereheshaji," akasema polepole. "Sisi tumetoka Machame asubuhi. Tumeshuka, tumepita mjini, tumepanda tena huku kwenu. Tulitegemea kuonana uso kwa uso. Naona mwenzetu huyu ameamua kutupa mgongo." Akainyoosha fimbo yake. "Tena mgongo wa chini."

Mzee Filemon, baba wa bibi harusi, alianza kujifuta jasho kwa kitambaa cha kwenye mfuko wa koti, kile cha urembo. Stella alikuwa nyuma ya meza ya chakula na upawa mkononi. Alituelekezea ule upawa tu, na mimi nikaanza kunusa mishkaki.

"Ni teknikali tu hiyo, mzee wangu," Tito akasema haraka. "Tunageuza sasa hivi, dakika sifuri." Akasogea, akashika ukingo wa sinia.

"Usimguse."

Nilitazama ni nani amesema. Ni Thadeus. Alikuwa ameshafika katikati ya uwanja na aproni yake nyeusi kwa masizi, mikono inachuruzika maji. Nadhani hata yeye alishangaa kujikuta pale. Mbele ya umati ule, wenye tai na vitenge vipya, alionekana kama kipande cha mkaa kilichodondoka kanisani.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Aminieli.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mbuzi?"

"Mwenye mbuzi ni mzee Filemon. Mimi nimemsimamisha."

"Umemsimamisha vibaya."

"Amesimama vizuri, mzee. Viti ndivyo vimekaa vibaya."

Mama mmoja wa Machame alicheka, akajiziba mdomo kwa mkoba. Stella aliweka upawa chini.

"Viti," akasema mzee Aminieli.

"Anaangalia Kibo, mzee. Asubuhi mlikuwa upande ule. Kama mngekaa kule mngemwona."

Mzee akainua macho. Upande wa juu kulikuwa na migomba, juu ya migomba mparachichi wa mzee Filemon, na juu ya mparachichi wingu zito, jeupe, kutoka mwisho wa dunia hadi mwisho mwingine. "Mimi naona wingu," akasema.

"Hata yeye anaona wingu. Ila anajua kilichopo nyuma."

"Na kwa nini asituangalie sisi tuliomfuata?"

Thadeus akajifuta mikono kwenye aproni. Hilo ndilo swali lililompeleka Kwa Sadala na kumrudisha miaka yote hii, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Nimeshajaribu, mzee. Akiwaangalia watu anaonekana anaomba asiliwe. Chakula hakishuki. Lakini akiangalia mlima anaonekana ana shughuli zake, hana kinyongo na mtu. Mnaweza kumla kwa amani."

Hapo jenereta ikasikika. Mzee Aminieli akasimama. Akaizunguka meza na fimbo yake, taratibu, hadi upande wa uso. Akamwangalia yule mbuzi machoni. Mbuzi akaangalia juu ya bega lake, kule mbali, jani la saladi limening'inia kidogo mdomoni, kama aliyekatizwa chakula na wazo zuri. Mzee aliinamisha kichwa upande. Akakiinamisha upande wa pili.

"Huyu," akasema mwishowe, "ameamka saa ngapi?"

"Mapema, mzee."

"Inaonekana." Akamgeukia tena, akafuata pua ya mbuzi kwa macho, akakunja uso. "Lakini kijana, hapo si Kibo."

"Ni Kibo, mzee."

"Si Kibo. Kibo iko kushoto zaidi. Hapo anaangalia Mawenzi, kile kilele kidogo."

Nilidhani Thadeus ndiye atakayejibu, lakini sauti ilitoka turubai la wenyeji. Ilikuwa ya bibi Theopista, mama yake mzee Filemon, aliyekuwa ameletwa na kiti chake cha nyumbani na blanketi magotini. "Wewe meku, wewe mzee wa Machame," akasema, "mimi nimezaliwa chini ya mlima huu. Kibo iko juu ya mparachichi. Mawenzi iko kule nyuma ya choo."

"Mama, shikamoo, lakini na sisi tuna mlima huohuo."

"Marahaba. Mnao kwa upande wa pili. Mawenzi nyinyi mnaiona kwenye kalenda."

Wenyeji wakapasuka kwa kicheko. Wakwe hawakukubali. Mjomba mmoja wa Machame akasimama na kunyoosha mkono, akasema kama barabara kuu iko kule basi Kibo lazima iwe huku. Mwenyeji akamwambia barabara inapinda. Mwingine akasema kanisa la Kilema linatazama wapi, tuanzie hapo. Punde si punde kila mtu alikuwa wima, mikono imenyooshwa kulielekea wingu, mamia ya mikono, kila mmoja na Kibo yake. Tito alijaribu kurudisha ratiba kwenye spika, kisha na yeye akaweka kipaza sauti chini akaonyesha kwa kidole.

"Leteni tumsogeze," akaamuru mzee Aminieli. Wakamsogeza mbuzi kidogo kushoto.

"Sasa anaangalia kwa mganga wa ng'ombe," akasema bibi Theopista. "Rudisheni kulia."

Wakarudisha kulia.

"Mno. Kushoto kidogo."

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa mbuzi."

Thadeus alikuwa ameshika sinia pamoja nao, anamsindikiza mbuzi kushoto na kulia, uso wake umeng'aa sijapata kuuona hivyo. Mwishowe mzee Aminieli alimpa mtu fimbo, akachutama, akaweka shavu lake karibu kabisa na shavu la ndafu, akafumba jicho moja. Simu zote zikapanda. Mzee na mbuzi walikaa hivyo, shavu kwa shavu, wakilichungulia wingu kama watu wawili wanaosubiri basi moja.

"Hapo," akasema. "Hapo msimtikise. Hapo ni Kibo."

"Ndipo nilipowaambia," akasema bibi Theopista.

Mimi nilikuwa nimeshaingia uwanjani bila kujua, nikatazama miguu ya meza na alama zake kwenye nyasi. Mbuzi alikuwa amerudi palepale alipowekwa mwanzo. Sikusema kitu. Pande zote mbili zilikuwa zimeshinda.

Mzee Aminieli alinyooka akishika kiuno, akawageukia watu wake. "Sogezeni viti."

"Kule kuna matope, baba," akasema mmoja wao.

"Viatu vinaoshwa. Sogezeni."

Basi wakwe wakabeba viti. Ungewaona. Kina mama wa Machame na vitenge vyao vya sare, mkono mmoja kiti, mwingine mkoba, wanapanda uwanja wanachekelea kama wasichana wa shule, visigino vinazama, wanashikana. Wenyeji wakakimbilia kusaidia. Wakakaa upande wa juu, matope hadi vifundoni, wakamwangalia ndafu usoni. Na ndafu akaangalia juu yao. Zikaanza kusikika zile sauti ndogo: "Ona sikio." "Ona alivyotulia." "Huyu si mbuzi, huyu ni mtu mzima."

Thadeus alitaka kurudi jikoni. Mzee Aminieli akamshika aproni. "Wewe unakwenda wapi? Simama hapa."

Akasimama. Kwa mara ya kwanza alikiona kile kitambo alichokuwa akikitengeneza miaka yote, kutoka upande wa watu.

Pamela, bibi harusi, alikuja na kisu chenye utepe. Akasita. Nikadhani tunarudi kwenye kitambaa cha meza. Lakini yeye alimwinamia Thadeus. "Nikate wapi, mjomba, nisimsumbue?"

"Ubavuni. Hatajali."

Akakata ubavuni, akamlisha mzee Aminieli, na vigelegele vikaruka hadi ng'ombe wa jirani wakajibu. Halafu visu vingine vikaja, lakini si kama siku zote. Hakuna aliyetaka kugusa mbele. Walianza nyuma, wakala kwa adabu, wakisogea polepole, mpaka ikafika wakati ilibaki nusu ya mbuzi, miguu miwili ya mbele, shingo na kichwa, na bado anaangalia Kibo kama hajaambiwa. Watu walikuwa wakitafuna na kumcheka na kumsifu kwa pamoja. Thadeus alikuwa anacheka kuliko wote, machozi yakimtoka. Nilimwuliza kama ni moshi. Akasema ndiyo, ni moshi, na moto tulikuwa tumeuzima zamani.

Stella alikuja na upawa wake.

"Nilikwambia nini?"

"Mbuzi asiye na mambo."

"Na hii?"

Thadeus alishusha macho, na nikaona anajiandaa. Nadhani kichwani alikuwa ameshaanza kupanga nyama kwenye vijiti. Lakini kabla Stella hajaendelea, yule mama wa Machame aliyejiziba mdomo kwa mkoba alijipenyeza katikati yao, matope kwenye pindo la gauni.

"Wewe ndiye mwenye wapishi? Binti yangu anaolewa baada ya Pasaka. Namtaka huyuhuyu."

"Huyu ameliwa, mama," Stella akasema.

"Basi ndugu yake. Lakini asimamishwe na huyu baba. Akiwa na mwingine sitaki."

Stella alimtazama mama. Akamtazama Thadeus, na ile nusu ya mbuzi nyuma yake. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa ameandaa hotuba na sasa hana wa kumsomea.

"Mishkaki nitatafuta mtu," akasema. "Wewe baki na hao mbuzi wako wenye shughuli zao." Akaenda kuwafokea wapakua wali.

Kisha nikaona shingo ya Thadeus inaanza. Ikageuka kulia, ikarudi, ikageuka kushoto zaidi, ikapanda.

"Mama," akamwambia yule mwanamke wa Machame, "kwenu Kibo inakuwa upande gani wa nyumba?"

"Upande wa banda la ng'ombe."

"Na wakwe mtawakalisha wapi?"

"Hilo si utatuambia wewe?"

Thadeus akajifuta uso kwa aproni, akasahau ina masizi, akatoka mweusi kuanzia paji hadi kidevu, meno tu yanaonekana. Yule mama akaangua kicheko, akashika bega langu asianguke, mimi ambaye hata sijui jina lake, na nikacheka naye.